Umegongwa Tennessee, bima yako ni ya Kentucky: namna ya kudai haki yako

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata polisi hawajafika. Nilikuwa nimekaa kwenye majani kando ya barabara kuu ya I-65, kaskazini ya Nashville, mama mkwe amelaza kichwa mapajani mwangu, na yule kijana aliyetugonga kwa nyuma akaja mbio, mikono inamtetemeka. Nikamwonea huruma, nikampa pole. Ila nilimpa kwa Kiingereza, na Kiingereza hakina pole. Kina "sorry" tu, neno lile lile la mtu anayekiri kosa. Wiki tatu baadaye afisa wa madai wa bima yake akaniambia kwenye simu, "Mteja wetu anasema ulimwomba msamaha."

Tulikuwa watano, tunakwenda harusini, Jumamosi moja ya Oktoba 2023: mimi nikiendesha, mama mkwe, binti yangu wa miaka 9, wifi yangu na kijana wake. Gari letu lina namba za Kentucky kwa kuwa tunaishi Louisville. Wifi anaishi Jeffersonville, ng'ambo tu ya mto Ohio, lakini huko tayari ni Indiana. Gari lililotugonga lilikuwa na namba za Alabama. Na ajali yenyewe ilitokea Tennessee. Majimbo manne kwenye mgongano mmoja, na katika mambo ya ajali kila jimbo la Marekani ni kama nchi yenye sheria zake.

Mimi si wakili. Ni mkalimani wa hospitali, nilikulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na Kiingereza nilikisomea ukubwani. Lakini dai letu nililishika mkononi mwezi hadi mwezi mpaka likaisha, na tangu hapo ndugu wananipigia simu, wengine usiku wa manane wakiwa bado wamesimama barabarani. Watu wetu husafiri sana kwa gari: msiba Dayton, ubatizo Indianapolis, harusi Nashville. Ninachowaambia kwenye simu ndicho ninachokiandika hapa.

Ukiwa bado pale barabarani

Piga 911, na neno la kwanza baada ya kusema kuna majeruhi liwe jina la lugha yako: "Swahili." Watakuunganisha na mkalimani. Kisha waambie uko wapi, na hapa tafuta kile kibao kidogo cha maili kando ya barabara. Namba za maili huanza upya kila jimbo. Kwenye I-65 ukitoka Louisville kwenda kusini namba zinashuka kutoka 130 na kitu hadi sifuri. Sifuri hiyo ndiyo mpaka wa Kentucky, na ukiuvuka tu namba inaruka hadi 121, sasa uko Tennessee. Kipige picha kibao hicho. Ukigongwa karibu na mpaka, picha moja ya namba hiyo ndiyo itakayosema sheria ya jimbo gani inakuhusu, na utaona mbele jambo hilo lina uzito gani.

Piga picha ya namba za gari la pili hadi jina la jimbo lionekane, leseni ya dereva mbele na nyuma, na kadi yake ya bima. Piga picha ya viti vya watoto kabla havijaondolewa garini. Kiti cha mtoto kilichokuwa kwenye ajali kubwa hakifai kutumika tena, na bima hulipa kipya ukiwa na ushahidi kwamba kilikuwepo.

Pole zako zitoe kwa Kiswahili, uwape watu wako. Kwa dereva mwingine uliza kama ameumia, basi. Polisi akikuuliza, mweleze ulichokiona: nilikuwa kwenye mstari huu, magari ya mbele yalipunguza mwendo, nikapunguza, nikagongwa. Usimwambie nani mwenye kosa, na usikisie mwendo wa gari la mtu. Mwombe namba ya ripoti. Ripoti yenyewe utainunua baadaye mtandaoni kwa dola chache, na bila hiyo hakuna kampuni itakayokusikiliza.

Tennessee kuna jambo ambalo wageni hawalijui. Ajali ikiwa na majeruhi, dereva mwenyewe anatakiwa kupeleka ripoti yake kwa idara ya usalama ya jimbo ndani ya siku 20, hata kama polisi ameandika ya kwake. Ni fomu fupi. Usipoipeleka unaweza kusimamishiwa leseni, na wewe huku Kentucky hujui hata kosa lako ni nini.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Najua mawazo yanayokuja: bima yangu ya afya ni ya Kentucky, hospitali ni ya Tennessee, watanifilisi. Tangu 1986 sheria ya taifa inailazimu idara ya dharura ya hospitali ikupime na ikutulize hali bila kuangalia uwezo wako wa kulipa. Na tangu Januari 2022, mwenye bima ya afya ya binafsi hatozwi bei ya "nje ya mtandao", yaani bei ya hospitali isiyo na mkataba na bima yake, kwa huduma ya dharura, hata akiwa jimbo la mbali. Ambulensi ya barabarani haimo kwenye kinga hiyo, na bili yake nitaifikia. Mkalimani hospitalini ni haki yako na ni bure. Usimtumie mtoto kutafsiri. Niliona binti yangu, bado ana damu ya pua kwenye gauni la harusi, daktari anamgeukia amweleze bibi yake kuhusu mbavu zilizovunjika. Nikamwambia daktari hapana, na mkono wangu ukiwa kwenye banzi nikatafsiri mwenyewe. Hilo nalo halikufaa. Nilipaswa kudai mkalimani wa simu.

Gari lako litavutwa hadi yadi usiyoijua, na yadi hutoza kwa siku. Siku inayofuata, hata kama ni Jumapili, pigia bima yako walihamishe. Toa vitu vyako vyote kwanza. Sisi tulisahau mfuko wa vitenge vya sare, harusi nzima ikakosa upande mmoja.

Saa tatu kwa ajali moja

Hapa nitakaa kidogo, maana dai letu lilikaribia kuharibika kwa ajili ya saa.

Louisville inafuata saa za Mashariki, Nashville saa za Kati, ambazo ziko nyuma kwa saa moja. Mstari wa kubadili saa unaupita ukiwa bado ndani ya Kentucky, simu inajirekebisha yenyewe na wewe huna habari, ila saa ya kwenye dashibodi inabaki ya Louisville. Ripoti ya polisi iliandika 4:20 alasiri. Mimi nilikuwa nimetazama dashibodi, nikaiambia bima yangu 5:20. Na mama mkwe, alipohojiwa kwa simu kupitia mkalimani, alisema kama anavyosema kila mtu wa kwetu: saa kumi na dakika ishirini. Mkalimani yule hakugeuza. Wakaandika 10:20.

Kwa afisa wa bima, watu watatu walikuwa wametaja saa tatu tofauti. Akaniuliza kama kweli tulikuwa gari moja.

Kwa hiyo andika saa ya ajali kwenye karatasi siku ile ile, kwa hesabu ya Kiingereza, ukitaja ni saa za wapi. Wape abiria wote karatasi hiyo. Na ukiwa na mkalimani, taja "mchana" au "jioni" kila mara, kisha muulize umeandika ngapi.

Barabara moja, sheria nne

I-65 inaanzia Gary, Indiana, kule juu karibu na ziwa Michigan, inapita Indianapolis, Louisville, Nashville, Birmingham, inaishia Mobile, Alabama, karibu na bahari. Barabara ni hiyo moja, lami ni ile ile. Sasa chukua ajali moja uiteremshe kwenye barabara hiyo. Tuseme hasara yako yote, matibabu, mshahara na maumivu, ni dola 40,000, na inaamuliwa kwamba wewe nawe ulichangia kosa kwa nusu, asilimia 50.

Ikiwa ajali ilitokea Indiana, unalipwa 20,000, kwa sababu kule unakosa pale tu kosa lako linapozidi nusu. Kentucky pia 20,000. Kentucky ni jimbo lenye huruma, hata ukiwa na kosa la asilimia 90 unapata ile 10 iliyobaki. Ukivuka mpaka wa Tennessee unapata sifuri, maana tangu uamuzi wa mahakama yao kuu mwaka 1992, kosa lako lazima liwe chini ya nusu. Shuka zaidi hadi Alabama: huko hata nusu haihitajiki. Kosa lako likiwa asilimia 1, wanaweza kukunyima vyote. Virginia, Maryland na North Carolina nazo zinafuata sheria hiyo kali.

Mara nyingi sheria inayotumika ni ya mahali ajali ilipotokea. Haijalishi sana unaishi wapi, wala gari lililokugonga lilitoka wapi. Nililijua hilo kwa bahati. Afisa wa bima ya yule kijana alikuwa ofisini Alabama. Aliniambia nilikanyaga breki ghafla, kwa hiyo nilichangia kosa, kwa hiyo hawadaiwi kitu. Aliongea kwa upole kabisa, kama mtu anayekueleza bei ya nyanya. Nilikaribia kukubali. Kisha nikakumbuka ile picha ya kibao cha maili. Nikamwuliza, "Ajali ilitokea jimbo gani?" Akanyamaza. Nikamwambia Tennessee, na Tennessee kosa langu, kama lipo, likiwa chini ya nusu mnapunguza sehemu yangu tu, hamfuti. Sikuwa na hakika kama Kiingereza changu kilikuwa sawa, lakini baada ya siku mbili walinipigia, na mara hii walikuja na kiasi cha pesa.

Bima ipi uiguse kwanza

Sheria ya kosa ni ya mahali pa ajali, lakini bima yako ni mkataba ulioukatia nyumbani, na mkataba huo unasafiri nawe. Bima ya gari ya kawaida inafanya kazi majimbo yote, na Kanada pia. Ukiingia jimbo linalodai kiwango kikubwa kuliko chako, mkataba wa kawaida unajipandisha wenyewe hadi kiwango cha chini cha jimbo hilo. Mexico haimo, wanaokwenda Texas na kuvuka kutembea wasidanganyike.

Anza na bima yako mwenyewe, hata kama kosa ni la mwingine. Watu wetu wanaogopa: "Nikiwaambia wataniongezea bei." Usipowaambia mapema, mkataba unawapa sababu ya kukukatalia baadaye.

Kentucky ina kitu kinachoitwa PIP, bima ya kumtibu mwenye gari na abiria wake bila kuuliza kosa ni la nani. Kila mtu ana hadi dola 10,000, kwa matibabu na kwa mshahara uliopotea, huo usizidi dola 200 kwa wiki. Inakufuata nje ya Kentucky, na inawahusu abiria waliokuwa ndani ya gari hilo. Wifi yangu, mkazi wa Indiana, jimbo lisilo na PIP, alitibiwa kwa PIP ya gari langu akidhani ni msaada wa kanisa. Kila abiria ajaze fomu yake. Fomu moja haitoshi familia.

Tatizo utalikuta hospitalini. Tennessee haina PIP, kwa hiyo karani wa malipo kule hajui unachozungumza. Atakuomba kadi ya bima ya afya, au atakwambia wasubiri bima ya mkosaji ilipe. Usimwachie. Mpe kwa maandishi jina la kampuni yako ya gari, namba ya dai, na anwani ya kupeleka bili. Nilifanya hivyo mara nne kwa hospitali moja, maana bili zilitoka sehemu tofauti: hospitali yenyewe, daktari wa dharura, waliosoma picha za eksirei, na maabara. Kampuni ikishapokea bili iliyokamilika, sheria ya Kentucky inaipa siku 30 kulipa. Ikichelewa inadaiwa riba. Na Kentucky unaruhusiwa kuielekeza PIP ilipe bili zipi kwanza. Weka akiba kidogo kwa zile zinazochelewa.

Gari lenyewe, kama una bima kubwa, litengenezwe na kampuni yako. Utakatwa ile sehemu ya kwanza unayojilipia, kisha wao wataidai bima ya mkosaji na kukurudishia. Ni haraka kuliko kusubiri kampuni ya jimbo lingine imalize kubishana.

Baada ya hapo ndipo bima ya mkosaji. Indiana, Kentucky, Tennessee na Alabama zote zina kiwango cha chini kile kile: dola 25,000 kwa mtu mmoja, 50,000 kwa majeruhi wote wa ajali hiyo, na 25,000 kwa mali. Watu wengi hukata kiwango hicho tu. Sisi tulikuwa watano. Mbavu za mama mkwe, kifundo cha mkono wangu, pua ya binti, mgongo wa wifi na goti la kijana wake, vyote vigawane 50,000.

Ndiyo maana leo, kabla hujasafiri, fungua karatasi za bima yako utazame kama una ile bima ya kujazia pale mkosaji anapokuwa na bima ndogo, au hana kabisa. Ni dola chache kwa mwezi. Wakala wangu aliniwekea bila mimi kuelewa, Mungu ambariki. Ila ina mtego: ukitaka kuitumia, usisaini mapatano na bima ya mkosaji kabla ya kuitaarifu kampuni yako. Kwa bima ya Kentucky taarifa hiyo hupelekwa kwa barua ya rejista, na kampuni ina siku 30 za kuamua. Ukisaini kwanza, umeifunga milango yote miwili.

"Habari?" "Nzuri."

Afisa wa madai atakupigia mapema, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu, na ataanza kwa kukusalimia. Unaendeleaje leo? Nasi tumelelewa tukijibu nzuri. Mtu amefiwa, ukimwuliza habari za nyumbani anasema nzuri, ndipo anakueleza msiba. Mgonjwa kitandani anasema sijambo. Ni adabu, na wa kwetu anajua asubiri yanayofuata. Kwenye simu ile, yanayofuata hayasubiriwi. Jibu lako limerekodiwa: majeruhi amesema yuko vizuri.

Mama mkwe alisema "I am fine" na mbavu mbili zimevunjika. Ndiyo maneno pekee ya Kiingereza aliyoyajua.

Kwa hiyo jizoeze jibu lingine. "Bado naumwa, natibiwa." Kisha: "Maelezo ya kurekodiwa sitatoa. Nitumie maswali kwa maandishi." Kampuni yako mwenyewe una wajibu wa kushirikiana nayo, hayo yamo kwenye mkataba. Kampuni ya mwingine huna mkataba nayo. Wape jina lako, tarehe, mahali, namba ya ripoti ya polisi. Wakikutumia karatasi ya kuwapa ruhusa ya kufungua rekodi zako zote za hospitali, usiisaini. Watachimba hadi maumivu ya mgongo uliyoyataja ulipopimwa afya kabla ya kuja Marekani.

Na wakikutumia hundi ya haraka, soma nyuma yake na soma barua iliyokuja nayo. Kijana wa wifi alitumiwa dola 750 wiki ya pili. Goti lake lilianza kuvimba wiki ya tano. Hundi ile ilikuja na hati ya kufunga madai yote, na kama si mama yake kuipiga picha na kunitumia, ingekuwa imeisha hapo.

Mwaka mmoja

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Baba mmoja wa kanisani kwetu aligongwa Tennessee, karibu na Portland, maili chache tu baada ya mpaka. Alijua sheria ya Kentucky: miaka miwili, tangu siku ya ajali au tangu malipo ya mwisho ya PIP. Aliongea na bima ya mkosaji kwa uvumilivu, akatuma kila karatasi waliyotaka. Mwezi wa kumi na nne walimwandikia kwamba hawana tena cha kuzungumza.

Tennessee unapewa mwaka mmoja kufungua kesi ya majeraha. Mwaka mmoja tu. Na usidhani utakimbilia mahakama ya nyumbani: sheria ya Kentucky inasema dai lililozaliwa jimbo lingine lenye muda mfupi zaidi linakufa kwa muda huo mfupi. Kuzungumza na bima hakusimamishi saa, hata wakiwa wanakujibu vizuri kila wiki. Indiana ni miaka miwili, Alabama miwili, North Carolina mitatu. Florida ilikuwa minne, ikashushwa hadi miwili mwaka 2023. Kwa hiyo usiulize jirani aliyegongwa zamani. Uliza sheria ya leo ya pale ulipogongewa.

Mtoto ana nafuu: Tennessee saa ya dai lake mwenyewe huanza anapofikisha miaka 18. Lakini dai la mzazi la kurudishiwa gharama za kumtibu mtoto halimsubiri mtoto akue.

Sisi tuliandika tarehe ya mwaka mmoja kwa kalamu nyekundu tukaibandika kwenye friji, na chini yake tarehe nyingine ya miezi minane: siku ya kwenda kwa wakili kama hatujamalizana.

Wakili, na watu wanaojifanya ndugu

Tulikwenda mwezi wa sita. Kwa jeraha la kuchubuka na bampa iliyopondeka huhitaji wakili, unaweza kumaliza mwenyewe. Mfupa ukivunjika, mtoto akiumia, au majimbo yakiwa zaidi ya moja na wanabishana kuhusu kosa, mtafute. Kesi za ajali mawakili hulipwa wakishinda tu, kwa kawaida theluthi moja ya malipo, zaidi kidogo kesi ikifika mahakamani. Mapatano hayo lazima yawe ya maandishi. Uliza kama theluthi inakatwa kabla au baada ya gharama kutolewa. Tofauti inaweza kufika maelfu.

Uliza pia ana leseni jimbo gani. Kijana aliyetugonga ni wa Alabama, ajali ni ya Tennessee, kwa hiyo kesi ingefunguliwa mojawapo ya majimbo hayo mawili, siyo Kentucky. Wakili wa Louisville alituambia ukweli huo bila kutoza, akatuunganisha na mwenzake wa Nashville. Waligawana theluthi ile ile moja. Akikwambia utalipa mbili, toka.

Siku ya nne baada ya ajali alinipigia mtu nisiyemfahamu, Kiswahili chake kizuri, ananiita dada, amepata wapi namba yangu sijui. Alikuwa na wakili tayari, kliniki ya kunyoosha mgongo tayari, na usafiri wa kuja kutuchukua. Kentucky na Tennessee zote zinamzuia wakili kuwafuata majeruhi wa ajali ndani ya siku 30. Mtu anayetumwa kukuvua kama samaki siku ya nne analipwa kwa kichwa chako, na bili za kliniki hiyo zitakatwa kwenye fidia yako. Inanisikitisha zaidi kwamba wanatumia lugha yetu kufanya hivyo, kwa wazee waliozoea kwamba anayesema Kiswahili ugenini ni mwenzao.

Pesa zikija

Kabla ya kugawana, wako wanaodai. Hospitali ya Tennessee inaweza kuandikisha deni lake juu ya fidia yako, lakini lisizidi theluthi moja. Bima ya afya na Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nazo zina haki ya kurudishiwa walicholipa kwa ajili ya ajali hiyo. Wakili aombe wapunguze, kwetu walipunguza. Fidia ya jeraha la mwili haitozwi kodi ya mapato ya taifa, usiwape theluthi nyingine watu wa kujaza fomu.

Wazee wanaopokea SSI, ile posho ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, waangaliwe kwa makini. Kikomo cha akiba kwa mtu mmoja ni dola 2,000. Mama mkwe angepokea hundi yake na kuiweka benki, mwezi uliofuata SSI ingesimama. Mwulize wakili kabla hundi haijaandikwa, kwa sababu kuna njia halali za kuziweka pesa hizo, na toa taarifa kwa Social Security, ofisi inayolipa SSI, ndani ya siku 10 baada ya mwezi huo kuisha.

Bili ya ambulensi ilitufikia mwezi wa tisa, ikiwa imezunguka kwa anwani ya zamani. Tulikuwa tumeacha akiba kwenye PIP yangu, nikaituma na namba ya dai, ikalipwa. Fidia ya binti ilipelekwa mbele ya hakimu aikubali, kama inavyofanywa kwa watoto. Alivaa lile gauni la harusi, doa la damu limetoka. Hakimu alimwuliza anaendeleaje. Akanitazama, kisha akamjibu kwamba pua bado inamuuma wakati wa baridi.

Pesa zake ziko kwenye akaunti hadi afikishe miaka 18.